Vigelegele vya Sabuni

Sauti fulani, iwe wimbo au kicheko, ikishasajiliwa na kampuni, kidude kilicho shingoni mwa kila mtu huizuia isitoke tena kooni. Nilijua hilo nilipomrekodi mama akipiga vigelegele kwa tangazo la sabuni. Hakuna mbunifu wa sauti mjini aliyewahi kutoa kazi tamu kama ile, nami nilitembea kifua mbele.

Leo mke wangu amerudi kutoka hospitali na mtoto wetu wa kwanza. Mama yangu alimpokea mjukuu mlangoni, akaweka kiganja juu ya mdomo. Ulimi ulicheza, sauti haikutoka.

“Jaribu kwa namna nyingine, mama.”

“Namna ipi, Shomvi? Hivi ndivyo alivyonifundisha bibi yako. Sina vingine.”

“Nitakutungia vipya. Vizuri kushinda vile.”

“Wewe? Mwanamume gani akatunga vigelegele?”

Akacheka kidogo, akavuta kigoda karibu na redio, akaketi na mjukuu wake mapajani.

“Tangazo lako hupita saa ngapi?”

“Saa kumi. Bado dakika moja.”

Akaongeza sauti ya redio, akamwinamia mtoto.

“Tulia, mume wangu. Bibi yako anakuja sasa hivi.”