Fungua Nione Ndani

“Fungua nione ndani,” alisema mtu wa koti.

Bibi aliishika spana kama anayeshika rungu. Mbele yake, mezani, ilikaa mashine yake ya kukamulia nguo: ndoo mbili, mnyororo wa baiskeli, pedali moja, na springi iliyoibwa, samahani, iliyookotwa ndani ya godoro la binamu yake. Tangu asubuhi ilikuwa inazunguka vizuri mpaka wenye wivu wakanyamaza.

“Kufungua ni rahisi, mhandisi,” alisema. “Kurudisha ndiyo kazi. Mnyororo huu ukilegea, kuukaza upya ni vita.”

“Nimekuuliza habari za vita?”

Hakuwa bibi wa mtu. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu somo hili la kwanza la usanifu alikuwa analirudia, na darasa zima lilikuwa la wadogo zake. Sheria ya mwalimu ilikuwa fupi: miradi inashindanishwa ikifanya kazi mbele ya macho, nusu ya juu inafaulu, nusu ya chini inarudia. Kwa Bibi, kurudia kulikwisha. Akianguka leo anafungasha virago, arudi kwa shangazi yake, yule aliyesema tangu mwanzo kwamba msichana na nati haviivi chungu kimoja.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Siku hiyo darasa la mchana na la jioni yalichanganywa, meza kwa meza, watu wasiojuana hata kwa sura, wengine wameandikishwa juzijuzi tu. Mwalimu alishawaonya: anakuja mhandisi kutoka nje, mkali kama pilipili, ole wake atakayemjibu ovyo. Kwa hiyo mtu wa koti alipoingia, mikono nyuma, kipara kinang’aa, mdomo umekunjwa kama kalamba ndimu, vijana wote walisimama.

“Shikamoo, mhandisi!”

“Marahaba,” alisema. Hakutabasamu.

Alianzia meza ya mlangoni, kwa vijana waliotengeneza bomba la kunawia mikono, la kukanyaga kwa mguu.

“Hili ni bomba au mbuzi anakojoa? Toeni mpira wa ndani.”

Wakautoa. Maji yakawamwagikia viatuni, nao wakasema asante.

Meza ya pili kulikuwa na toroli ya kupanda ngazi. “Ng’oa magurudumu.”

“Yamegandishwa kwa gundi, mhandisi.”

“Kwani nimesema yabembeleze?”

Yakang’olewa, na kipande cha toroli kikafuatana nayo. Mwenye toroli akaviokota vipande kimoja kimoja. Meza baada ya meza, yule bwana alipita na ulimi wake, na kila alipopita zilibaki nati, vumbi na watu wasiotazamana. Sasa ilikuwa zamu ya Bibi.

“Nitaizungusha kwanza uione,” Bibi alijaribu.

“Kuzunguka hata feni inazunguka. Mimi nataka ndani.”

Kijiko, mwenzake wa mradi, mwembamba mpaka ukimtazama kwa ubavuni unamtafuta, alimnong’oneza: “Bibi, fungua. Roho zetu ziko mfukoni mwa huyu.”

“Akiniita mbuzi nampiga na ndoo.”

“Mpige matokeo yakishatoka.”

Bibi akafungua. Kila nati aliikosea heshima kimoyomoyo. Mnyororo ulipotoka, mtu wa koti aliinama, akachungulia, akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye meza nyingine yoyote. Akaipima springi kwa kidole.

“Wazo hili ni la nani?”

“Langu.”

“Mh.” Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikosa meno. Kisha meno yakarudi. “Itoe na hiyo.”

“Mhandisi, hiyo ndiyo moyo wake!”

“Daktari wa moyo hapasui? Toa.”

Bibi alimtazama machoni. Huyu angekuwa shangazi yake, angemjibu mpaka nguo zimbane. Lakini huyu alikuwa mtihani uliovaa koti, na mtihani haujibiwi kwa matusi. Akailegeza. Springi iliruka kama panzi, ikagonga ukuta, ikatokomea chini ya makabati mazito ya chuma.

Kijiko akalala kifudifudi, mkono umezama mpaka begani. “Naigusa! Hapana. Hicho ni kitu kingine. Kinatembea!”

“Takataka,” alisema mtu wa koti, akifuta vidole kwa leso. “Siku hizi wanamwandikisha kila mtu.” Kisha akaelekea upande wa pili wa ukumbi, taratibu, kama aliyeshiba.

Bibi alibaki na spana mkononi. Kurudisha mnyororo angeweza. Springi ndiyo ilihitaji wanaume wanne na kabati tupu.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu aliingia akihema, na nyuma yake mwanamke mfupi aliyevaa ovaroli yenye madoa ya grisi.

“Samahani kwa kuchelewa. Huyu ndiye mhandisi wetu, na ana haraka, hasubiri mtu,” mwalimu alisema. Akazitazama meza, karibu zote nati na vipande, uso ukamshuka. “Jamani! Nani mradi wake uko tayari?”

“Wangu, mwalimu,” alisema mtu wa koti, amesimama nyuma ya meza pekee isiyofunguliwa, akilivua koti na kukunja mikono ya shati.