Sahani ya Alhamisi

Siku hizi kompyuta ya kila nyumba humfundisha mtoto hesabu kwa yale inayoyaona humo ndani. Mlezi akikosea hesabu mara tatu, mtoto hupelekwa kuishi bwenini.

"Watu wawili, sahani tatu," kompyuta yetu ilisema Alhamisi moja. "Bibi amekosea mara ya pili."

"Hajakosea, we debe!" mjukuu wangu Tunu akabisha. "Hiyo ni sadaka ya marehemu babu. Hupelekewa jirani."

"Marehemu ni sifuri, Tunu. Wawili ongeza sifuri?"

Mtoto akanitazama. "Wawili," akajibu.

Alhamisi iliyofuata nikapakua sahani mbili.

"Hongera, bibi," ikasema kompyuta. Tunu akanikumbatia kwa furaha.

Nikamwombea mume wangu kimoyomoyo, midomo nimeifumba, kompyuta isije ikanihesabia kosa la tatu.