Kidole Kwenye Mstari

Darasani kwangu, hapa Kagugu, jibu halipati alama mpaka mwanafunzi aweke kidole kwenye mstari unaolithibitisha. Mambo ya "nadhani" sitaki kuyasikia.

Leo tulisoma kisa cha baba anayesafiri kikazi. Swali lilikuwa: je, atarudi?

Karibu wote waliandika ndiyo, na vidole vikatua mahali pamoja, pale baba anaposema, "Nitarudi Jumamosi."

Kaliza peke yake aliandika hapana.

"Wewe hukusoma?" nikamuuliza. "Si amesema mwenyewe?"

"Amesema, Mwalimu. Lakini angalia hapa."

Kidole chake, chenye wino wa buluu mpaka kwenye kucha, kilipanda mistari michache kikasimama. Akasoma: "Kabla ya kulala, baba alimfundisha mama kubadilisha mtungi wa gesi."

Wenzake wakacheka.

"Mtu wa kurudi Jumamosi, hiyo gesi si angeibadilisha mwenyewe?" Kaliza akasema.

Nikainamia kitabu nitafute mstari wa kumpinga. Sikuupata. Nilichokiona ni mita yetu ya umeme jana jioni, na mume wangu kasimama nyuma yangu, akinielekeza namna ya kuingiza namba za umeme. Tangu tuoane, kazi hiyo ni yake. Asubuhi akabeba begi kwenda Mwanza. Wiki moja tu, alisema.

"Mwalimu, nimepata?" Kaliza akauliza, kidole bado kiko pale pale.

"Umepata," nikasema. "Sasa ondoa kidole."