Kioo cha Kushoto

Kioo cha kushoto cha bodaboda ya shemeji yake kilikuwa kimelegea tena, mara ya tatu mwezi huo, na fundi hakuhitaji spana kujua sababu. Mashimo ya barabarani hulegeza vioo vyote viwili. Hiki kililegea peke yake, kwa kugeuzwageuzwa na mkono, mpaka kikaacha kabisa kutazama barabara. Kilimtazama abiria usoni.

Lisemwalo lipo. Jana yake mdogo wake wa kike alikuja gereji, machozi yakimlengalenga.

"Kaka, mume wangu anawakodolea macho wanawake anaowabeba. Mwalimu mmoja ameshuka njiani kwa hasira, eti huyu mtu hanitoi macho mdomoni. Lakini mimi mkewe nikimsemesha niko jikoni, hata kunijibu hataki. Jumamosi ikifika hajabadilika, nafunga virago vyangu narudi kwa mama."

Fundi aliona aibu isiyo na mfano. Yeye ndiye aliyempeleka bwana huyo nyumbani kwao, akamsifu mbele ya wazazi kuwa ni mtu mpole, hana makuu. Sasa mafundi wenzake walikuwa wakimtania kwamba shemeji yake anaangalia sinema juu ya pikipiki. Alicheka nao, huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hiki kioo kina ugonjwa gani, shemeji?" aliuliza, ameinamia nati.

Shemeji yake, aliyesimama kando, aliendelea kutazama magari yakipita.

Akainua uso, akarudia kwa ukali. Shemeji yake akashtuka.

"Kaza tu kidogo, shemeji. Usikaze sana."

"Ili uendelee kukigeuza?"

Yule bwana uso ulimshuka, akawa anafuta tangi la mafuta kwa kiganja na wala halikuwa na vumbi. Fundi alitaka kumhurumia, ila akamkumbuka mdogo wake na huruma ikamwisha.

Alikaza nati, akakielekeza kioo barabarani, kisha akajaza gundi ya chuma kwenye kiungo chake. Akasubiri ikauke.

"Sasa hata nyundo haikigeuzi."

Shemeji yake alikijaribu kwa vidole. Hakikutikisika.

"Haya, nipeleke sokoni nikachukue spea," fundi alisema, akapanda nyuma. Spea ilikuwa kisingizio tu. Alitaka wakaambizane ukweli wakiwa wawili, maana mtu mzima havuliwi nguo mbele ya watu.

Walipoingia barabara kuu akaanza. Alimwaga yote: machozi ya mdogo wake, virago, Jumamosi, wazazi watakavyomtazama yeye aliyeleta balaa nyumbani. Hakubakiza kitu. Mbele yake ile shingo haikugeuka hata kidogo. Dereva aliendesha kwa utulivu, kama vile hakubeba mtu, na fundi akazidi kupandwa na hasira. Kosa lake, halafu na kiburi juu!

"Kata kulia hapo!"

Njia ya sokoni ikawapita.

"Shemeji, nimesema kulia!"

Pikipiki ikazidi kunyoosha. Kisha mkono wa kushoto ukaacha usukani, ukakishika kile kioo, ukakisukuma. Kikagoma. Ukakisukuma tena kwa nguvu, pikipiki ikayumba, na fundi akamshika dereva mabega kwa woga. Hapo ndipo mwendo ulipopungua, wakasimama kando ya barabara.

Shemeji yake alivua kofia ngumu, akajipindua kitini mpaka wakatazamana. Alikuwa anatokwa na jasho, na aibu iliyomjaa usoni ilimfanya fundi mwenyewe atake kutazama pembeni.

"Mdogo wako usimwambie, shemeji, nakuomba," alisema. "Sasa rudia ulichosema. Polepole, nikuone mdomo."