Wasifu wa Mama

Mazishi yalikuwa saa kumi, na sasa ilishagonga saa nane. Karatasi ya wasifu wa mama yake ilikuwa mezani, nyeupe pe. Sekela alikuwa uani, akisugua sufuria ile ile kwa mara ya tatu. Tangu asubuhi alikuwa amefagia kote, hata viatu vya waombolezaji amevipanga mlangoni.

"Utaitoboa hiyo!" Shangazi yake akampokonya sufuria.

"Sijui nianzie wapi, shangazi!" alifoka.

"Anzia alivyokuwa akikuamsha."

Akaingia ndani kwa hasira, mikono ikichuruzika maji, akaandika: *Amka, mvivu wangu, kumekucha.*

Tone likaangukia neno la mwisho, wino ukatanuka. Sekela hakutafuta karatasi nyingine.