Onja Kwanza

Merveille aliisukuma sahani mara ya tatu.

"Sili, yaya," alimwambia Nsimire, kwa heshima ya dada mkubwa. "Mupaka weye uonje."

Nsimire alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Siku ya ine sasa, maneno ni yale yale! Unawaza nimekutilia karuho?"

"Siwazi kitu. Kwetu, mwenye alipika njo anaonja wa kwanza."

Hilo halikuweza kupingwa. Mjini Bukavu, ambako sumu iitwayo karuho hutajwa kwa sauti ya chini hata harusini, anayempa mwenzake chakula hukionja kwanza ili mgeni atulie moyo. Anayekataa kuonja huzua maneno mtaa mzima.

Nsimire alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa amevaa sweta zito ingawa jua la adhuhuri lilichemsha mabati ya mtaa wa Kadutu. Hakuna aliyepika kama yeye katika ua ule. Alijua ni nani asiyetaka chumvi na ni nani apendaye vichwa vya samaki, na hakuna kilichompendeza zaidi ya kuwatazama watu wakila. Mbele yake, msichana wa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameubana mkoba magotini na kufunga mdomo.

Mlangoni alisimama Maman Euphrasie, rozari mkononi. Kwa miezi minane alikuwa ameuona mwili wa bintiye ukiyeyuka. Majirani walisema ni ukimwi. Wengine wakasema amerogwa. Daktari alisema jambo moja tu: asipoanza kula kabla ya Ijumaa, atalazwa na kulishwa kwa mrija wa puani. Leo ilikuwa Jumatano.

Nsimire alimega tonge dogo la bugali, akalimeza upesi. "Haya. Ona, sijakufa."

"Na sambaza?"

Akang'ata mkia wa samaki mmoja mdogo.

"Ule ni mukia, yaya. Kama sumu iko ku kichwa?"

"Ee Mungu wangu! Mutoto muoga hivi, nani atamuoa?" Hata hivyo alikila kichwa, polepole.

"Na maharagi. Ya juu na ya chini."

Akaonja ya juu. Alipochota ya chini, kijiko kilibaki hewani na machozi yakamlengalenga. Merveille hakumhimiza. Alitazama dirishani, kule ziwa lilikokuwa likimeta kati ya mapaa, akangoja kana kwamba mchana ule wote ulikuwa wao, hadi aliposikia kijiko kikirudishwa mezani kikiwa kitupu.

"Kesho utakatala tena?" Nsimire aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mupaka uonje, yaya."

"Basi kuya. Nitapika."

Akatoka uani kuosha chungu. Maman Euphrasie aliingia haraka, akakitazama kile kijiko kitupu.

Merveille alifungua mkoba. Akasogeza kando koti lake jeupe, akatoa faili, na chini ya jina la mgonjwa, Nsimire, akaandika: "Ameonja mara tano. Ninaomba asilazwe Ijumaa." Kisha akaivuta ile sahani iliyopoa, akala hadi ikang'aa.