Kofia za Nyuki

Ndizi ilikuwa imeiva mno, na ndivyo Mama Pacha alivyoitaka. Aliiponda kwa vidole, akaipaka ndani ya ukingo wa kofia iliyoning'inia kwenye msumari wa wifi yake, pale nyuma, wavu uliposhonewa. Kisha akatoka nje, akanawa mikono kwa sabuni. Akanawa tena.

Ukimuuliza, angekuambia amechokozwa. Na kweli, nani angevumilia? Ni yeye aliyeanzisha habari ya masomo ya Jumamosi pale kituo cha wanyama na mimea, familia nzima, yeye na mumewe na mapacha. Wakasoma ndege, wakasoma nyoka, wakafika kwenye nyuki. Ndipo dada wa mume akaachika, akaja na sanduku lake, eti kwa wiki moja tu. Wiki gani hiyo isiyoisha! Akaingia jikoni, mapacha wakaanza kula bila kubembelezwa. Akaingia darasani, mwalimu wa nyuki akaanza kumsifu. Sasa kituo kilitaka mtu mmoja wa kuziongoza familia zinazokuja kuona mizinga, na waliobaki walikuwa wawili: yeye na huyo huyo wifi. Leo wangepimwa mbele za watu. Atakayefungua mzinga kwa utulivu, nafasi ni yake.

Nafasi hiyo Mama Pacha aliililia. Nyumbani alishanyang'anywa kila kitu, hata kicheko cha mumewe. Hiki hakitoki, aliapa.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempa silaha, siku ya kwanza ya somo. "Msiguse ndizi kabla ya kuja kwenye mizinga," alisema. "Nyuki akichoma, hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo ni kama ya ndizi mbivu. Ukija unanukia ndizi, umejiitia jeshi." Watu walicheka. Mama Pacha hakucheka, aliliweka moyoni.

Na wifi asingenusa kitu. Mafua yalikuwa yamemziba pua tangu juzi, asubuhi nzima ni kupenga kamasi tu.

"Wifi, kofia yako umeikagua?" wifi alimuuliza walipokutana mlangoni mwa chumba cha kuvalia.

"Kagua yako."

"Nasema tu, maana ule wavu..."

"Nimesema kagua yako! Hata kofia unataka kunifundisha kuvaa?"

Wifi akaingia peke yake. Mama Pacha alibaki nje kidogo, akijaribu sura ya huruma ambayo angeihitaji baadaye. Alipoingia, mwenzake alikuwa ameshavaa kila kitu mpaka glavu. Mama Pacha akachukua kofia iliyokuwa kwenye msumari wake mwenyewe, akaivaa. Harufu ya ndizi ikampitia puani. Sabuni gani hii isiyosafisha, akajisemea, akafuta vidole kwenye suruali.

Familia zilisimama nyuma ya kamba, mapacha mbele kabisa, baba yao amewashika mabega. Mwalimu akamwita wifi kwanza.

Wifi akapuliza moshi, akainua mfuniko, akatoa sega moja na kuwaonyesha watoto. Kila alipopata nafasi, mkono mmoja ulikwenda shavuni, na kichwa alikiinamisha upande kama bibi harusi anayepigwa picha. Maringo mpaka kwa nyuki! Mama Pacha akasubiri. Nyuki wakazunguka, wakarudi zao. Wifi akafunika mzinga, watu wakapiga makofi ya chini chini kama walivyofundishwa.

Lo! Au nyuki wa leo nao wana mafua?

"Mama Pacha," mwalimu akaita.

Akapiga moyo konde, akaenda. Hakuwahi hata kuushika mfuniko vizuri. Walimjia kwa wingi, wote wakitua mahali pamoja, nyuma ya shingo, wakatoboa kitambaa mpaka wakapata ngozi.

"Usikimbie!" mwalimu alipiga kelele.

Akakimbia. Akajikwaa kwenye kamba, akaanguka kifudifudi mbele ya watoto wake mwenyewe. Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko hicho kilimchoma kuliko nyuki. Aliyemfikia wa kwanza hakuwa mwalimu wala mumewe. Alikuwa wifi, ambaye alimfunika kwa turubai, akamburuta mpaka chumba cha kuvalia na kufunga mlango.

Alimkalisha kwenye benchi, akaanza kumkwangua miiba kwa ukucha. Mama Pacha akaivua kofia, shingo inawaka moto, na ukingo ukampita puani. Ndizi. Safari hii haikuwa ya vidoleni. Aligeuka taratibu, akamtazama wifi yake.

"Umenibadilishia kofia."

"Nimekubadilishia."

Wala hakuona haya!

"Nilijua!" Mama Pacha alifoka, mate yakamruka. "Nilijua tangu siku uliyoleta lile sanduku lako! Roho mbaya wewe, unanichukulia nyumba, unanichukulia watoto, sasa unataka kuniua mbele zao?"

"Tulia, wifi, miiba inazama."

"Usiniite wifi! Kwa nini umenibadilishia?"

Wifi akavua kofia aliyokuwa ameivaa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba mpaka limefumba. Akapitisha kidole kwenye wavu, kikatokeza upande wa pili.

"Yako ilikuwa na tundu hili, usawa wa jicho. Nilitaka kukuambia, ukanifokea. Sasa ningekuachaje uende nayo kwenye mzinga, wakati nafasi yenyewe naona unavyoitaka?"